Vija Celmins: Bahari, Mwezi na Nyota kwa Kalamu ya Risasi



Mmezoea kusoma kutoka kwangu habari za mitaa ya Unguja, majina ya majahazi na nasaba za koo zetu. Leo naomba mniwie radhi, nitaeleza habari za bibi mmoja mchoraji wa Kimarekani, mzaliwa wa Latvia, asiye na udugu wowote na sisi. Jina lake ni Vija Celmins. Kwa zaidi ya nusu karne amechora vitu vichache tu: maji ya bahari, ardhi ya jangwa, uso wa mwezi, mbingu ya usiku, mawe na utando wa buibui. Ninayo sababu ya kumleta barazani kwetu.

Nyumbani tulikuwa na picha moja ya zamani. Aliipiga mjomba wangu kwa kamera ya kisanduku, Unguja, kabla ya mwaka 1964. Ni bahari tupu. Hamna mtu, hamna pwani, na siku zote tukisema hamna hata chombo. Mama yangu, Mola amrehemu, aliitoa Unguja akaifikisha Dar es Salaam, kisha akaja nayo hapa Maskati miaka ya sabini. Alipofariki tukakaa kugawana picha zake. Watoto na wajukuu walizitaka zenye sura za watu, na ile ya bahari ikawekwa kwenye fungu la kutupwa. "Babu, hii hamna mtu ndani," mjukuu wangu akaniambia. Sikuwa na jibu. Niliichukua nikaitia mfukoni.

Baadaye nilikwenda kumtembelea mwanangu Uingereza, naye akanipeleka kwenye jumba la sanaa London. Huko nikasimama mbele ya mbingu ya usiku iliyochorwa kwa mkaa juu ya karatasi. Kwenye duka la vitabu la jumba hilo nikafungua kitabu cha mchoraji huyohuyo, na ukurasa wa kwanza nilioufungua ulikuwa bahari tupu. Hamna mtu, hamna pwani, hamna chombo. Tangu siku ile nimekuwa nikimsoma. Haya ndiyo niliyoyapata.

Maisha yake kwa ufupi

Vija Celmins alizaliwa Riga, mji mkuu wa Latvia, tarehe 25 Oktoba 1938. Mwaka 1944, vita vikiwa vikali na jeshi la Kisovieti likirudi Latvia, wazee wake walikimbilia Ujerumani pamoja na watoto wao. Vita vilipokwisha waliishi katika kambi ya wakimbizi mjini Esslingen, kusini mwa Ujerumani. Mwaka 1948 shirika la makanisa likawasaidia kuhamia Marekani, wakapelekwa Indianapolis, katika jimbo la Indiana. Vija alikuwa mtoto wa miaka kumi hivi, na Kiingereza hakijui hata neno. Darasani akashika kalamu, akawa anachora.

Hapo nilimwelewa vizuri. Mimi nilifika Maskati kijana, nina Kiswahili cha Mji Mkongwe na Kiingereza cha skuli ya misheni, na Kiarabu changu kilikuwa cha kusalia tu. Wengi wetu tuliorudi miaka ile tulikuwa hivyo. Kiingereza ndicho kilichonipatia ukarani, lakini barazani nilikaa kimya miaka miwili mizima, nikisikiliza.

Celmins alihitimu chuo cha sanaa cha John Herron, Indianapolis, mwaka 1962, akaendelea na masomo Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alikomaliza mwaka 1965. Alifanya kazi Venice, mtaa ulioko ufukweni mwa Los Angeles. Kwanza alipaka rangi vitu vilivyomzunguka chumbani: taa, hita ya umeme, jiko dogo la umeme. Kisha akaanza kukusanya picha za vita kutoka magazeti na vitabu vya zamani, akazipaka rangi zile ndege alizozijua utotoni. Mwaka 1968 alichora bahasha ya barua aliyoandikiwa na mama yake, pamoja na stempu alizozichora mwenyewe kwa mkono. Mwaka huohuo akaigeukia bahari. Mwaka 1981 alihamia New York.

Bahari isiyo na pwani

Alikuwa akisimama kwenye gati la Venice na kamera yake, akapiga picha maji yaliyo chini yake. Akirudi chumbani, anachora kutoka kwenye picha ile. Mchoro wake mmoja mashuhuri wa mwaka 1969, unaojulikana kwa jina la Big Sea, una ukubwa wa kama sentimita 86 kwa 115. Karatasi imejaa viwimbi kutoka pembe hadi pembe. Hakuna mstari wa upeo ambapo maji hukutana na mbingu, kwa hiyo jicho halipati pa kutua. Linakwenda kutoka wimbi hadi wimbi.

Ni muhimu kufahamu kwamba haichori bahari yenyewe, anachora picha ya bahari. Haongezi jahazi ili ipendeze, wala hapunguzi wimbi ili apumzike. Mtu asiyejua atasema huko ni kunakili tu, na kamera imeshafanya kazi hiyo. Mimi nilikuwa karani maisha yangu yote, na jambo hili nalijua kwa mkono wangu. Kabla ya mashine za kunakilia hazijaenea, barua muhimu tulizinakili kwa mkono au kwa taipu, kisha tunagonga mhuri kuthibitisha kwamba nakala ni sahihi. Aliyeinakili barua neno kwa neno huijua kuliko aliyeisoma. Anajua mwandishi alisita wapi, na wapi wino ulimwishia. Mashine inatoa nakala mia na haijui hata moja.

Ndivyo ilivyo kwa michoro hii. Kamera iliitazama bahari kwa sehemu ndogo ya sekunde. Celmins aliitazama picha ileile kwa wiki na miezi.

Kalamu ya risasi ni nini hasa

Sisi tukiiita kalamu ya risasi, lakini ndani yake hamna risasi hata chembe. Zamani watu walidhani lile jiwe jeusi ni namna ya risasi, na jina likabaki. Kilichomo ni grafaiti, ambayo ni kaboni. Mwaka 1795 Mfaransa Nicolas-Jacques Conté alipata hataza ya kuchanganya unga wa grafaiti na udongo wa mfinyanzi na kuuchoma tanuuni. Udongo ukizidi, kalamu inakuwa ngumu na mstari wake mwembamba wa kijivu. Grafaiti ikizidi, inakuwa laini na nyeusi. Ndiyo maana kalamu zina herufi H kwa ugumu na B kwa weusi. Watawa waliotusomesha walitugawia HB, iliyo katikati, na tukiivunja tunapigwa.

Kaboni ni maada, yaani kitu chochote chenye uzito na kinachochukua nafasi. Wanasayansi wanatueleza kwamba ulimwengu ulipoanza, kama miaka bilioni 13.8 iliyopita, kulikuwa na haidrojeni na heliamu, na chembe kidogo sana za lithiamu. Kaboni haikuwepo. Ilipikwa baadaye ndani ya nyota, viini vitatu vya heliamu vikiungana kuwa kimoja cha kaboni, na nyota zilipokufa zikaimwaga angani. Kwa hiyo kaboni iliyo kwenye kalamu ya mtoto wa skuli, na iliyo kwenye mkaa wa jikoni, ilitoka kwenye nyota. Anayechora nyota kwa kalamu hiyo anazichora kwa kitu zilichokitoa zenyewe.

Mwezi

Tarehe 3 Februari 1966 chombo cha Kisovieti, Luna 9, kilitua mwezini salama, kikawa cha kwanza kuleta picha zilizopigwa juu ya ardhi ya mwezi. Miaka hiyohiyo vyombo vya Kimarekani vilikuwa vikiuzunguka na kuupiga picha, na zote zilikuja duniani kwa mawimbi ya redio. Mwaka 1969, mwaka ambao watu walikanyaga mwezini, Celmins alichora ardhi ile kwa kalamu ya risasi kutokana na picha ya Luna 9. Ni mawe, vumbi na vivuli. Mchoro huo uko kwenye jumba la Museum of Modern Art, New York.

Wasomaji wa Oman wana fungu lao katika habari hii. Jangwa letu ni moja katika sehemu za dunia zenye kuonekana vimondo vingi, kwa sababu ardhi yake ni tambarare, ya rangi nyeupe, na mvua zake chache, kwa hiyo jiwe jeusi lililoanguka huonekana na haliozi upesi. Wanasayansi wa Oman na wa Uswisi wamekuwa wakiyatafuta pamoja tangu mwaka 2001. Januari 2002 waliokota katika eneo la Sayh al Uhaymir jiwe la gramu 206, na uchunguzi ukaonyesha kwamba limetoka mwezini, limerushwa huko na kishindo cha kimondo kingine. Uzito wake ni kama wa embe dogo. Mwezi ambao bibi huyu aliuchora kwa mbali, kipande chake kilikuwa kimelala hapa kwetu mchangani.

Nyota na kisichoonekana

Kuanzia miaka ya mwanzo ya sabini, Celmins alianza kuchora nyota kutokana na picha zilizopigwa kwa darubini kubwa. Baadhi ya michoro hiyo, ya mwaka 1973 na 1974, ni ya sehemu ya mbingu inayoitwa Coma Berenices. Tazameni alivyofanya: hakuchora nyota. Alichora weusi. Kila nyota ni karatasi nyeupe aliyoiacha bila kuigusa, na weusi unaoizunguka ameujaza kwa ncha ya kalamu, kidogo kidogo. Miaka ya tisini alitumia mkaa na njia ya kinyume chake. Alilijaza karatasi weusi kwanza, kisha akazitoa nyota kwa kifutio.

Picha ya mbingu ina jambo la ajabu ambalo mtu hulisahau. Nuru zote mnazoziona ndani yake zilifika kwenye darubini usiku mmoja, lakini hazikuondoka zikotoka siku moja. Moja iliondoka miaka mia iliyopita, nyingine miaka elfu. Upande huohuo wa Coma Berenices kuna kundi la galaksi zaidi ya elfu moja ambalo nuru yake husafiri zaidi ya miaka milioni 300 kutufikia. Karatasini zote zimelala kiwango kimoja, ya jirani na ya mbali, ya jana na ya kale. Ni kama sanduku la picha la mama yangu, ambamo bibi aliyekufa kabla sijazaliwa alilala kifua kwa kifua na kitukuu cha juzi.

Kundi hilohilo la galaksi ndilo lililomshughulisha mwanasayansi wa Kiswisi Fritz Zwicky, aliyekuwa akifanya kazi California. Mwaka 1933 alichunguza mwendo wa galaksi zake, akaona zinakwenda kasi mno. Kwa uzito wa zile zinazoonekana peke yake, zingekuwa zimeshatawanyika zamani. Akasema lazima pana maada nyingine isiyoonekana inayozishika pamoja, akaiita maada ya giza. Hesabu za leo zinasema maada ya kawaida, yaani nyota, mawe, bahari, mimi na wewe, ni kama asilimia 5 tu ya ulimwengu. Maada ya giza ni kama asilimia 27, na asilimia 68 iliyobaki inaitwa nishati ya giza. Sisemi kwamba Celmins alichora kwa ajili ya kuthibitisha hayo. Nasema tu kwamba mtu aliyekaa miezi akiufanyia kazi weusi baina ya nyota, akauheshimu kama nyota zenyewe, hakuwa akipoteza wakati wake.

Mawe kumi na moja

Kazi yake inayosimuliwa kuliko zote si mchoro. Aliokota mawe kumi na moja kaskazini mwa jimbo la New Mexico, karibu na mto Rio Grande. Kwa kila jiwe akatengeneza pacha wake kwa bronzi, kisha akampaka rangi, doa kwa doa na mshipa kwa mshipa, mpaka usitambue lipi ni jiwe na lipi ni bronzi. Alianza mwaka 1977 akamaliza 1982. Jina alilolipa, kwa Kiswahili chetu, ni kuithibitisha sura isitoke kwenye kumbukumbu. Miaka mitano kwa mawe kumi na moja! Jina hilohilo lilitumika tena kwa maonyesho makubwa ya kazi zake yaliyoanza San Francisco mwisho wa mwaka 2018, yakaenda Toronto, kisha New York mwaka 2019. Mwaka 2025 jumba la Fondation Beyeler, karibu na Basel, Uswisi, nalo lilimfanyia maonyesho makubwa.

Na sisi katika jambo hili

Kuchora nyota si jambo geni kwa watu wa upande huu. Abd al-Rahman al-Sufi aliandika kitabu chake cha nyota mwaka 964, na kila kundi alilichora mara mbili: kama linavyoonekana kutoka ardhini, na kama linavyoonekana kwenye tufe la mbingu. Humo alitaja pia kidoa kama wingu dogo, ambacho leo tunajua ni galaksi ya Andromeda. Mliopo Qatar mna bahati, kwani nakala ya mkono ya kitabu hicho, ya mwaka 1125, imehifadhiwa katika Makumbusho ya Sanaa ya Kiislamu, Doha. Manahodha wetu nao walipima urefu wa nyota ya kaskazini kwa kamal, kipande cha ubao chenye uzi wa mafundo, na kipimo chao kilikuwa kidole. Na katika baadhi ya vijiji vya hapa Oman, wakulima waligawana maji ya falaj usiku kwa kutazama nyota zinavyochomoza na kuzama. Nyota zilikuwa saa yao, na atakayekosea anamwibia jirani maji.

Hao wote walitazama kwa sababu walikuwa na haja. Sisi tuna simu zenye picha elfu kumi na hatujaitazama hata moja kwa dakika nzima.

Picha ya mjomba

Ramadhani iliyopita nilimwita yule mjukuu wangu. Tukaiweka picha ya mjomba chini ya taa, tukachagua pembe moja yenye ukubwa wa kibiriti, tukaanza kuichora kwa kalamu ya H, kila mmoja na karatasi yake. Ilituchukua siku tatu baada ya tarawehe. Siku ya kwanza alilalamika. Siku ya pili akanyamaza. Siku ya tatu akaniuliza, "Babu, na hiki ni nini?"

Palikuwa na kimstari chembamba juu ya wimbi, kimeinama kidogo. Miaka sitini nimeiona picha hii na sijapata kukiona. Mimi nasema ni ncha ya tanga la ngalawa inayokwenda zake. Dada yangu nilimtumia picha kwa simu, naye akasema ni mkwaruzo wa ukucha tu, na kwamba macho yangu yameshazeeka. Bado tunabishana. Lakini mjukuu sasa anauliza mjomba alisimama wapi, alikuwa anatazama upande gani, na nani aliyekuwa akiondoka siku ile. Picha ambayo ilikuwa haina mtu imekuwa na watu wengi.

Kwa hiyo ndugu zangu, kabla hamjatupa picha za wazee kwa kuwa hazina sura, kaeni nazo kwanza. Ulizeni waliobaki, maana tunapungua. Nyuma ya picha andikeni mahali, mwaka na aliyeipiga, na msiandike kwa kalamu ya wino, kwani wino hupenya na kuchafua. Andikeni kwa kalamu ya risasi, iliyo laini, kwa mkono mwepesi. Haififii upesi, na maji hayaitoi.

Nyuma ya ile yetu nimeandika: Bahari ya Unguja, imepigwa na mjomba, kabla ya 1964. Chini yake mjukuu ameongeza kwa khati yake: huenda kuna ngalawa.